Kurasa Zilizobanwa kwa Pini

Kwa mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka kila herufi iwe na ukubwa wa kiatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema shule imeleta fomu ya wizara: mzazi akubali au akatae binti yake wa miaka kumi na minne kufundishwa mambo ya mwili na ujana, na inatakiwa Ijumaa. Shemeji alisimama kikaoni akasema serikali ijenge barabara, malezi ya nyumbani kwake iyaache. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba barabara ikishajengwa, mabinti ndio watakaopita humo. Nimecheka peke yangu. Nawe unaniuliza mimi, mwalimu mstaafu, usaini au usisaini.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba serikali na wazazi wanaigombania kazi hii. Nimekaa shuleni miaka thelathini na mmoja, sijawaona wakiigombania. Nimewaona wakisukumiana, kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba mwenzake ameshaifanya. Acha nikueleze nilivyojua.

Siku hizi nikijilaza mchana naliota lile darasa la mwisho wa korido nilimokufundisha wewe na wenzako. Jua limelala juu ya madawati, vumbi la chaki linaelea polepole kama halina pa kwenda, nanyi mmetulia, kila mtu na kitabu chake cha sayansi. Mnajaribu kufungua kurasa, hazifunguki. Wewe uko dawati la tatu karibu na dirisha, wewe uliyepewa jina la ndege kwa maswali yako, na huulizi kitu. Unanitazama tu.

Si ndoto yote. Mwaka ule niliokufundisha, wizara ilileta vitabu vipya, na sura ya saba ilieleza mwili unavyobadilika na mtoto anavyopatikana. Mkuu wetu wa wakati ule, mtu mpole na mwoga, aliniambia tuibane sura hiyo mpaka wazazi waulizwe. Nilikaa ofisini alasiri nzima na stepla, vitabu arobaini, pini mbili kila kitabu, mlio wake ukifuatana na saa ya ukutani hadi nikawa nasinzia. Chako nilikipiga pini tano, kwa kuwa ulikuwa dada yangu. Nilidhani huo ndio ulinzi.

Wazazi hawakuulizwa. Nilimwambia mkuu kwamba mambo yale hufundishwa nyumbani, akashukuru.

Sasa sikiliza lililobaki, ambalo sijamwambia mtu. Jumamosi iliyofuata Mama alisimamisha cherehani yake, akaniuliza kama shuleni tumewafundisha habari za usichana. Niliona haya mbele yake, nikasema tumeshawafundisha, yote. Akautoa uzi mdomoni, akanitazama kwa faraja ambayo sijaisahau.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimejipanga nimwite kesho, nahangaika nianzie wapi. Kama nyie wasomi mmeshamweleza, mimi nitaongeza nini?"

Akaendelea kushona.

Miaka miwili baadaye ukaacha shule, una mimba. Sisemi hivi kwa kumjutia mpwa wangu mkubwa, fundi wetu wa kuchomelea, ambaye mageti yake yamenyooka kuliko somo lolote nililofundisha. Ila umesema mara nyingi, hata siku tuliyomzika Mama, kwamba alikunyima neno. Hakukunyima. Alikuwa nalo tayari, nikalizuia mimi mlangoni. Nami nilikusikia ukimlaumu, nikanyamaza miaka yote hiyo. Hasira ile ihamishie kwangu, ndiko ilikostahili kukaa.

Fomu isaini. Mwalimu atamweleza binti yako mwili unavyofanya kazi, na atamweleza vizuri. Hawezi kumweleza wewe ulikuwaje ulipokuwa na miaka kumi na sita, uliogopa nini, ulitamani nani akuambie nini. Hayo hayamo katika kitabu cha wizara yoyote.

Nisalimie watoto, na shemeji umwambie ile barabara hata huku kwetu tunaisubiri.

Leo, binti akirudi shuleni, zima redio, mkalishe karibu nawe, umwambie.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu