Mama Hakulia Mlangoni

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa uliye Lubumbashi,

Riwaya yako nimeimaliza. Uliniomba nikuambie "iko sawa" kabla hujaipeleka kwa mchapaji. Nimeisoma mtoto mmoja akinyonya, mwingine akinivuta kikwembe, na haiko sawa, yaya.

Huyu mwanamke unayemwita mama yetu ni nani? Tata, baba yetu, akishuka shimoni, analia mlangoni. Tata akipanda, analia. Analia hata akisonga bukari! Na kabla hajalia umeshatueleza kiuno chake. Kiuno cha mama, yaya! Tata umempa sura nzima ya mawazo. Mama hajawaza hata chumvi.

Umesahau jikoni kwetu Kasulo? Tata na wenzake walitoboa sakafu palepale mama alipokuwa anapikia, kisha wakamfukuza, eti mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. Siku tatu alipika nje, mvua inampiga. Siku ya nne aliingia na kapu la sombe, majani ya muhogo, mimi nyuma yake. Wewe ulikuwa kati ya wanaume, umeshika kamba.

"Mama, toka! Madini itakimbia!" tata alipiga kelele.

"Basi ikimbie. Mi sitoke. Hii njo jiko yangu."

Akaketi ukingoni, akachambua majani yake. Mmoja wao akacheka: "Tata, mwenye shimo amefika!" Wewe ulicheka mpaka ukaziba mdomo. Jioni ile tata mwenyewe alikuwa anampa mawe, anamwuliza lipi jema.

Kwa hiyo si kwamba hukujua. Naona ulipoanza kuandika ulirudi kukaa na wale wanaume, ukamtazama mama kutoka pale. Ukurasa wa shimoni ulinikata pumzi, kweli, maana mle uliingia. Kwetu sisi wanawake hukuingia, wala hukuuliza. Na namba yangu unayo.

Sisemi mwanaume asiandike habari za mwanamke. Mi nikiandika, pengine tata atakuwa wa kukoroma tu kitabu kizima. Lakini ningekupigia kwanza: yaya, tata alikuwa anaogopa nini kule chini?

Jana nilimsomea Ruth kidogo. Unajua alizaliwa mama, nkambo wake, ameshafariki. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mama, nkambo alikuwa mugonjwa?"

Kitabu chako ndicho kitakachomwonyesha nkambo wake, na watoto wa watoto wake vilevile. Ndiyo maana nimekasirika hivi, na ndiyo maana "iko sawa" yangu siitoi bado.

Nyuma ya karatasi zako nimeandika siku ile ya sombe, kwa mwandiko wangu huu wa haraka. Panga maneno upendavyo, wewe ndiye fundi. Ila usimwondoe mama pale alipoketi.

Mtoto ameamka. Ule vizuri huko, usikae na njaa kwa ajili ya kuandika.

Mdogo wako anayekupenda na aliyekukasirikia,
Mama Ruth, Kolwezi