Njia ya Kurudi Chumba Namba Sita

Nyumba ya Wageni, Chumba Namba 6,
Nyuma ya Kituo cha Mabasi.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kinyozi,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na lile goti lako, bado linakununia ukisimama sana nyuma ya kiti, au umekubali kunyoa watu ukiwa umekaa? Mimi mwili hauna neno, nakula na kutembea. Linalonisumbua lipo, nitalifikia. Nivumilie kwanza, maana naliogopa.

Najua mlinitarajia mwisho wa mwezi uliopita. Bila shaka mwanangu mkubwa keshakupigia simu, naye akianza hana nukta. Eti mama ana miaka sabini na miwili, anazunguka nchi za watu na begi moja! Lakini wewe unajua nilivyoshona sare za shule miaka thelathini na minane nikitazama ukuta ule ule. Hii ni nchi ya saba, na kila mji nikifika naingia kwenye karakana za watu kuomba nionyeshwe kazi. Hapa fundi viatu amenifundisha kukata soli, akacheka sana nilivyoshika kisu.

Aliyenichelewesha ni mgeni wa chumba namba saba, mwanamke wa rika langu, ninayemwita Bi Miwani. Alikuja kupasuliwa macho, peke yake. Asubuhi ya upasuaji nilimkuta kakaa ngazini, karatasi ya hospitali kaishika juu chini. Nikamwuliza nani anampeleka. Akasema, "Nitauliza huko huko njiani." Basi nikavaa viatu. Upasuaji umerudiwa mara mbili, na sasa macho yote yamefungwa bendeji hadi Alhamisi. Kila siku nampelekea uji wodini na kumsomea gazeti, hata matangazo ya vifo, maana ndiyo anayoyapenda.

Sasa sikia. Jumatano iliyopita nilitoka hospitali saa tisa alasiri. Njia nimeipita zaidi ya mara kumi: geti, duka la dawa, kona ya wauza matairi, kisha kushoto. Nilifika konani nikasimama. Sikujua kushoto kuna nini. Hata jina la nyumba ya wageni lilikuwa limenitoka, kama halijapata kuwepo. Nilizunguka mpaka saa kumi na mbili, nikampita mfagiaji wa barabara mara tatu. Mara ya tatu akaegemeza ufagio ukutani.

"Mama, unamtafuta nani?"

Nilitaka kumwambia natafuta tairi. Badala yake nikalia. Aliomba ruhusa, akapekua mkoba, akatoa ufunguo wangu wenye kibao chekundu. "Vibao hivi vyekundu ni vya pale nyuma ya stendi," akasema, akanishika mkono mpaka mlangoni.

Kesho yake nilichukua sindano. Unakumbuka nilivyokuwa nashona majina ya watoto ndani ya kola, sare zisipotee? Nimeshona anwani ya hapa ndani ya mkono wa gauni, magauni yote matatu. Nilikosea herufi, nikafumua mara mbili. Naona haya, mdogo wangu, lakini kila nikifika konani naupindua mkono na kusoma.

Nilimweleza Bi Miwani peke yake. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutuangalia. "Haya, mimi nitakukumbusha, wewe utakuwa macho yangu." Nilicheka pia, kisha nikaenda chooni nikakaa huko kidogo.

Mwanangu anataka nipande basi kesho, wala habari ya kona haijui. Akiijua atanifuata mwenyewe, na sitatoka tena nje ya geti lake. Nami nikiondoka kesho, Alhamisi bendeji zitafunguliwa na Bi Miwani hana mtu wa kumwona kwanza. Kwa hiyo nabaki. Baada ya Alhamisi ndipo sijui. Fundi viatu anasema huko milimani kuna wanawake wanaofinyanga vyungu vya kimo cha mtu, na ninatamani kwenda, ila naogopa kona za huko.

Wewe ndiye uliyekaa na Mama miaka yake ya mwisho. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, natuma nguo na salamu. Nilipokuja alikuwa tayari ananiita kwa jina la dada yake. Sikukuuliza ilianzaje, nawe kwa wema wako hukunisimulia. Nisimulie sasa. Ilianza kwa kupotea njia? Kwa kusahau jina la kitu? Na yeye mwenyewe alijua, au ninyi ndio mliojua kwanza? Maana kama alijua, basi aliogopa peke yake, na sisi tulikuwa tukimwambia ni uzee tu.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama siyo hivi ilivyoanza, sema. Kama ndivyo, sema vile vile.

Nisalimie wifi, wapwa zangu wote wanaonikumbuka kwa sare za kubana, na yule jirani yetu Babu Redio, mwambie huku nako habari ni zile zile. Mungu akutunzie mikono yako isitetemeke juu ya shingo za watu. Na jibu lako niletee mimi kabla ya kumpigia mpwa wako simu. Nataka niwe wa kwanza kujua, wakati bado naweza kujua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nikubebe mgongoni,

Fundi.