Pamba ya Ubao wa Tatu

Jumamosi, Timbwani. Asubuhi mawingu, mchana jua la kuchoma, na sasa mikono yangu inanuka mafuta ya papa, yale ya kupaka mashua, ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa. Nina furaha. Furaha kuliko ninavyostahili, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe. Kwetu sisi mwanya ni aibu. Kwa hiyo nilipoanza kumsaidia Fundi Bakari kuifufua mashua ya mjomba wangu Athumani, iliyokaa nchi kavu miaka minne tangu goti lake liharibike, nilidhani kazi ni ile ile: kuziba.

Mwezi uliopita Fundi alikwenda mazikoni Lunga Lunga siku tatu. Nikataka kumwonyesha ninavyoweza. Nikachukua pamba, patasi butu na nyundo, nikashindilia kila mwanya wa upande wa kushoto mpaka pamba ikagoma kuingia.

Aliporudi alipitisha kidole, kisha akasema, "Mbao hizi zimekauka. Zikinywa maji zitafura, na wewe umezinyima pa kufuria. Zitapasuka. Toa yote."

Nikatoa. Karibu yote.

Mwanya wa ubao wa tatu, kule mbele, ulikuwa umenyooka mno. Naona haya kuandika: niliupiga picha nikamtumia mke wangu. Nikauacha, nikaupaka rangi juu. Fundi alipouliza, "Ushatoa yote?" nikajibu, "Yote, Fundi."

Leo ilikuwa bamvua, yale maji makubwa yanayofika ilipo mashua mara mbili tu kwa mwezi. Watu kumi na wanane walikuwa wameshika kamba tayari kuishusha. Mke wangu amepika sufuria kubwa ya pilau. Mjomba yuko kwenye kiti cha plastiki na kikoi kipya, anamsimulia kila apitaye jinsi nilivyojitolea. Na ubao wa tatu, ninavyojua vizuri sana, ndio pekee uliobaki tangu marehemu baba yake alipoiunda mashua ile.



Nikaachia kamba, nikamfuata Fundi. Nilikusudia kunong'ona, lakini walisikia wote. "Fundi, kuna pamba sikuitoa. Ubao wa tatu. Nilikudanganya."

Akatazama maji, akatazama watu. "Haya, wekeni kamba chini. Chombo hakishuki leo."

Mjomba akauliza, "Pilau lipo lakini?" Mke wangu akasema lipo. Hapo watu wakacheka, na kabla sahani hazijaisha nilikuwa nimeshapewa jina: Bwana Saruji. Najua litanifuata mpaka Changamwe.

Mjomba hakunitazama hadi alipomaliza sahani ya pili. "Ubao ule ni mkono wa baba," akaniambia. "Wiki mbili si kitu, mwanangu. Ungepasuka, wallahi, nisingekusemesha."

Nilimwamini.

Baada ya chakula nikaichokoa ile pamba yote kwa ndoano, nikatia nyingine, laini, kwa nyundo nyepesi. Inaniuma kuacha kazi imelegea hivyo. Fundi anasema siku ya kwanza mashua itavuja, ndivyo inavyokunywa, na itajifunga yenyewe.

Jua lilipoanza kupungua akaniuliza tena, kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza, "Ushatoa yote?"

"Yote, Fundi. Njoo utazame."

Akavaa kofia yake, akashika njia ya msikitini kuswali alasiri. Hakuja kutazama.

Nikapitisha kidole kwenye mwanya wote, mwanzo mpaka mwisho, ingawa nilijua hamna kitu. Kisha nikapitisha tena.

Zimebaki wiki mbili. Je, nitaweza kusimama pale nikayaona maji yakiingia, na mikono yangu nikaiacha mfukoni?