Ulipita kwa Sookdeo, Nyumbani Hukufika

Belmont,
Port of Spain,
Trinidad.
3 Oktoba 1996

Mpendwa kaka Ancil,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua mvua ikinyesha, lakini sauti yake ni ileile, majirani watakuthibitishia. Wewe u hali gani? Wifi Yolande na mtoto Keron hawajambo? Huko Brampton baridi imeshaanza?

Nakuulizia afya kwa adabu tu, maana habari zako ninazo. Umenenepa, upara umeanza kuingia, na bado hutaki tango kwenye dabo, vile vimkate vya dengu. Kaniambia Sookdeo mwenyewe anayevipika.

Jumanne nilisimama kwenye toroli lake kabla ya kazi, nakula, naye akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Sherma, kaka yako mlafi vilevile! Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, kala dabo tano, pilipili tele. Mlimfanyia sherehe?" Nikabaki na kile kimkate mkononi, dengu zinanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikamjibu ndiyo, sherehe kubwa sana. Ningesema nini?

Nililia palepale mtaa wa Charlotte. Watu wakadhani ni pilipili.

Kazini sikwenda. Nilikufuata. Sikuhitaji kuulizia njia, kwa sababu ukishaanzia kwa Sookdeo najua unakokwenda. Ni mzunguko wa Baba, ule wa kila Jumamosi, yeye mbele na sisi wawili nyuma tukigombania nani ashike mfuko.

Kwa Bi Eulith, karibu na soko, ulikunywa mchuzi wa miguu ya nguruwe mpaka ukalifuta bakuli. Halafu ukaagiza bakuli la pili, ukaliweka ukutani, ukaondoka hujaligusa. Bi Eulith bado amenuna. "Nikamwambia, we mwanamume, ndimu zote hizi nimekamua unanisusia? Akaniambia hilo ni la mzee wake. Basi nikaliacha palepale, ningefanyaje?"

Kule uwanja wa Savannah, Rawle alikukatia dafu. Anasema ulikaa kwenye ukingo wa mawe alipozoea kukaa Baba, hadi jua likakufukuza.

Kaka, nilikasirika. Mpaka leo sijapoa vizuri. Miaka saba nakuota, kila ndege ikipita juu ya paa nainua kichwa, kumbe umekuja ukaona wauza vyakula wote wa mji huu, mimi hukuniona. Nimekukosa mno, na sasa nimekukosa mara mbili.

Lakini najua kilichokuzuia. Siku tuliyomzika Baba, wewe umekwama huko kwa sababu ya karatasi zako za ukaazi, Mama alikuambia kwenye simu usikanyage tena nyumbani kwake. Nilikuwepo, nilikuwa nimemshika mabega. Ule ulikuwa uchungu wa msiba. Tangu hapo hajajua jinsi ya kuyarudisha maneno yale, nawe unamjua mama yako, kuomba radhi hakufundishwa.

Mwisho nikafika kwa Bi Claudina, hapa pembeni mwa mtaa wetu, anayeuza matunda ya chumvi na pilipili. Yeye ndiye aliyenimaliza. "Alisimama hapohapo ulipo, macho kwenye geti lenu. Nikamwambia, mwanangu, nenda basi, yule mbwa wenu mkali alishakufa. Hakucheka. Akanunua nanasi, akaniomba nimpelekee Mama, na jina nisitaje."

Nanasi bila kitunguu saumu, ndimu mbili, giligilani nyingi. Hivyo ndivyo Baba alivyomnunulia kila Jumamosi ili asitugombeze kwa kuchelewa.

Sasa ndipo nilipoielewa ile Jumamosi. Mama alipokea mfuko, akaufungua, akanusa, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilifikiri ni magoti. Jioni nikaukuta ule mfuko wa plastiki umeoshwa, umebanwa kwenye kamba kati ya mashuka. Mpaka leo upo. Nilipotaka kuuondoa nilikaripiwa.

Jana nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilikaa namsubiri mpaka sinia likaisha, akapepeta, akapepeta tena mchele ambao ulikuwa safi tayari. Halafu akasema, "Mwandikie. Mwambie lile nanasi lilipungua chumvi. Claudina siku hizi mchoyo. Safari nyingine asimtume mtu, alete mwenyewe hapa mezani, nimwonyeshe linavyotiwa."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, sijaongeza neno.

Msalimie sana wifi, na Keron umwambie shangazi yake yupo na anamjua kwa picha. Shangazi Verna na Bi Claudina wanakusalimu. Mungu akulinde na hiyo theluji, akulete ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,

Sherma

Mama amepita nyuma yangu akauliza kama nimeandika habari ya chumvi. Nimemwambia ndiyo. Ameniagiza niongeze kwamba Jumamosi huwa hatoki.