Herufi Isiyotamkwa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, presha imeshuka na miguu haijavimba tena. Msalimie baba mdogo, na yule mbuzi wako mkorofi pia. Mimi ni mzima wa mwili. Tafadhali isome mwenyewe, Mama. Usimpe jirani akusomee, hata kama miwani inakusumbua.

Habari za Kaka umezipata kwake: kwamba majambazi walimvizia, wakamvunja mkono na goti. Mkono na goti vimevunjika kweli. Mengine nitakueleza mimi, maana nilikuwepo.

Unajua kwamba mimi na wifi, mkewe Kaka, tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hospitali. Dawa tunazofulia zina maelezo ya Kiingereza, na mwenzetu mmoja aliungua macho kwa kutoyaelewa. Ndipo wenye kiwanda wakatangaza kwamba atakayefaulu mtihani wa Kiingereza atakuwa msimamizi wa chumba cha dawa. Wifi akajiandikisha, nami nikamfuata ili asiwe peke yake. Kazi ikiisha tulisomea chumba cha kukunjia, tumekalia marobota ya shuka. Mwalimu wetu ni mzee mmoja mstaafu tuliyempachika jina la Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho.

Siku moja alitufundisha maneno yanayoanza na K ikifuatwa na N. Alisema hiyo K ni kama mkwe mwenye haya sebuleni: kila mtu anamwona, lakini hasemi. Knee ni goti, nawe unatamka "nii" tu. Kneel ni kupiga magoti. Alipotamka knot tukasikia "noti", wote tukachangamka. Akasema tulieni, si pesa, ni fundo la kamba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akaandika knuckle, kile kifundo cha kidole kinachotokeza ukikunja ngumi, akauliza nani ataonyesha. Sisi tulinyoosha mikono. Wifi, bila kufikiri, aligusa shavu lake. Kicheko kikakatika.

Mama, Kaka alikuwa akimpiga. Si mara moja wala mbili. Jioni ileile wifi alikuwa anapika huku akirudia maneno yake, midomo ikicheza. Kaka akadhani anatukanwa kwa lugha asiyoijua. Alimuuliza anasema nini, na kabla hajajibu akambamiza uso kwenye kabati, jino likang'oka. Kesho yake wifi alikuja kazini amejifunga kitambaa mdomoni, akaniambia ameanguka mlangoni. Nikamwambia, "Wifi, ni mlango gani huo unaokufuata kila wiki?" Akalia, akanieleza yote. Nikamwomba ahamie kwangu, naye akahamia.

Hilo ndilo lililomleta Kaka kiwandani Jumamosi, mchana kweupe. Mwalimu alikuwa anatupitisha tena kwenye yale maneno, na ubaoni ameongeza knife, yaani kisu. Kaka aliingia bila hodi, jasho linamtiririka, ameshika kisu chake cha gereji, kile cha kukatia mipira. Akamkamata wifi nywele, akamvuta kutoka kwenye robota hadi sakafuni. Akamwonyesha kile kisu usoni, akasema, "Haya msomi, hiki kinaitwaje Kizungu?"

Wifi akajibu, "Naifu."

Kaka akatazama ubao. Kusoma anajua, Mama, ulimfundisha mwenyewe. Akaiona ile K. "Mbona imeandikwa K pale? Unanifanya mjinga mbele za watu?"

Mwalimu akasema, "Taratibu, mwanangu, hiyo haitamkwi."

Hakumsikia. Alimchoma wifi begani, akachomoa, akamchoma tena chini ya mfupa wa bega. Damu iliruka juu ya shuka tulizokunja tangu asubuhi.

Nilishika ule mti wetu wa kuinulia nguo mbichi, mzito kama mchi. Nikampiga mkono wenye kisu. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kisu kikaanguka, mwenzangu mmoja akakisukuma kwa mguu chini ya mashine. Kaka hakuwa na silaha tena, Mama. Aliniangalia, akaniita kwa lile jina la utotoni. Nikampiga kwenye goti. Akaanguka, nikampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka wenzangu wakaning'inia mikononi mwangu kunizuia, na Mwalimu amepiga magoti kando, ameziba bega la wifi kwa shuka.

Hakukuwa na jambazi. Ulipopiga simu ukilia, ukaomba mikono iliyompiga mwanao ioze, nilikuwa nimeishika simu kwa mikono hiyohiyo. Nikaitikia amina.

Polisi nimewaeleza yote, hata yale mapigo ya mwisho. Wanasema huenda nami nikashtakiwa. Acha nishtakiwe. Ila kesi ya Kaka ikiitwa, nitasimama mahakamani niseme alichokifanya, yeye tuliyetoka tumbo moja. Bado nampenda, na ndiyo maana usingizi sina. Nikisikia mtu anavunja kuni, natapika.

Wifi yu hai. Mkono wa kushoto haupandi juu ya kifua. Siku ya mtihani alikuwa wodini, nafasi amepewa mwingine. Bado anasoma, Mwalimu anakuja kwangu kumfundisha.

Umeagiza aje huko apige magoti akuombe radhi kwa kutomuuguza mumewe. Haji, Mama. Njoo wewe. Kitanda kipo, nami nitakupokea stendi. Ukifika mtazame bega kwanza, ndipo useme.

Nawasalimu wote wa hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Nakuombea afya, nami niombee, kama bado unaweza.

Mimi mwanao,
kitinda mimba wako