Nilificha Barua ya Usaili ya Mke wa Mwanangu

Mpendwa Bi Suad,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana kosa nimeshalifanya. Mimi ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, nina miaka sitini na moja, naishi Tooting, Uingereza, tangu mwaka sabini na mbili, na nakuandikia Kiswahili kwa sababu nyumba nzima ni mimi peke yangu ninayekisoma. Mwanangu Kirit alioa mwaka 1998, akamleta mkewe Hansa kutoka Gujarat, msichana aliyesoma historia hadi shahada ya pili, na kabla ya harusi alikuwa amefaulu ule mtihani wa taifa wa India wa watu wanaotaka kufundisha vyuo vikuu, mara ya kwanza alishindwa, mara ya pili akapita, na alipofika hapa akakitia cheti chake kwenye plastiki akakizungusha chuo baada ya chuo, wote wanamjibu kwa adabu kwamba hawakijui, mwisho akaenda kiwandani kupanga sandwichi, na hajawahi kulalamika mbele yangu. Mke wangu alipofariki mwaka juzi ni Hansa aliyebaki ananiuliza kama nimekula, Kirit anarudi kachoka haongei, jioni mimi na Hansa tunakaa jikoni ananisimulia habari za wafalme wa zamani na vita vyao, mpaka nasahau kwamba nyumba imepungua mtu.

Sasa wiki tatu zilizopita ilikuja barua kutoka India, nikaipokea mimi mlangoni nikatia sahihi, na sijui shetani gani alinipanda, nikaifungua, nikakuta chuo kimoja cha kwao kinamwita kwenye usaili wa kazi ya uhadhiri tarehe 14 Juni, nikaikunja nikaificha chini ya cherehani ya marehemu. Kila akirudi kazini ananiuliza, "Baba, hakuna barua yangu?" nami najibu, "Hamna, binti." Nilijifariji kwamba cheti ni karatasi tu, kama angekuwa mwalimu kweli mbona miaka minne yote hajapewa kazi, nikaenda maktaba kwa dada mmoja Mkenya, Wambui, nikamuuliza huo mtihani hasa ni wa nini, akanitafutia kwenye kompyuta, akasoma weee, kisha akanigeukia.

"Mzee, hii si certificate ya kozi ya jioni. Wanaukalia maelfu kwa maelfu, wanapita wachache sana. Ni nani amepita, ni wewe?"

Nikamwambia ni binti yangu, na nilipolitamka hilo nikaona haya hata kubaki nimesimama pale. Bi Suad, akipata kazi hiyo Kirit itakuwaje, na mimi je? Nikimpa barua sasa atanichukia, nisipompa siku inapita. Nifanye nini?

Rasik, Tooting

*

Bwana Rasik,

Gazeti letu hutoka Ijumaa na usaili haumngoji mhariri, ndiyo maana siku niliyopata barua yako nilikupigia simu nikakwambia jambo moja: mpe leo, mbele ya mumewe, na usijitetee. Umempa. Kwa hilo nakushukuru. Mengine sikushukuru hata kidogo, na wasomaji wayasikie, kwa sababu najua wako wengi wenye mke wa mtoto nyumbani ambaye hawajawahi kumuuliza alikuwa nani kabla hajawapikia chai.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mtihani. Haugawi kazi. Unampa mtu haki ya kuomba kazi. Wachache wanaofanya vizuri zaidi wakiwa bado vijana hupata na posho ya utafiti. Wengine, kama Hansa, hupata idhini ya kuwa mhadhiri, na idhini hiyo haina tarehe ya kuisha. Hata ukiwa nayo bado unaomba, unaitwa, unasailiwa, kama alivyoitwa yeye. Hapa Uingereza hawautumii kabisa, wao wanauliza udaktari wa falsafa na vitabu ulivyoandika. Kwa hiyo hakuna aliyemwona Hansa hafai. Waliona karatasi wasiyoijua, basi. Wewe ulimwona anapanga sandwichi ukadhani kimo chake kinaishia hapo, na wewe ndiye uliyekuwa unasikiliza historia jikoni kila jioni!

Jumatatu ulinieleza kwenye simu ilivyokuwa. Aliisoma amesimama. Akakuuliza, "Tangu lini, Baba?" Ukasema wiki tatu. Hakupiga kelele. Akasema, "Wiki tatu hizo ningekuwa nasoma." Ukaniambia neno hilo limekuuma kuliko matusi. Liache liume. Wewe ulikuwa unahesabu atakuchukia kiasi gani, mwenzio anahesabu siku za kujiandaa ulizomnyima.

Ukasema pia siku ya tatu akashusha vitabu vyake akavipanga mezani, na Kirit, huyo asiyeongea, akakaa naye kumuuliza maswali, akikosea matamshi ya majina wanacheka wote wawili. Akakwambia, "She's going, Dad. Akipata, tutajua sisi wawili la kufanya." Haya. Swali lako la Kirit itakuwaje limejibiwa na Kirit mwenyewe, nawe usiliulize tena, wala kwa mafumbo, wala kwa kuugua ghafla.

Kuhusu wewe. Upweke wako ni wa kweli, bwana, na mimi mjane nakuelewa. Lakini hauponi kwa kumfungia mtu. Kuna wazee wa Tanga na Mombasa wanaokutana kila Alhamisi hapo hapo Tooting. Nenda, hata kama ni kubishana tu. Jifunze kupika dengu, umri huo hujachelewa. Na msamaha usimdai. Akiutoa mwaka huu au mwaka kesho, ni wake.

Hansa anasafiri Jumanne. Mpeleke uwanja wa ndege wa Heathrow wewe mwenyewe, ukokote sanduku lake, umwambie unamtakia kazi hiyo, na useme ukiwa unamaanisha. Ukishindwa kuzuia machozi, ngoja kwanza apite pale wanapokagua pasipoti. Kisha panda treni urudi, ukalie kwako.

Bi Suad