Kivuli cha Nguzo ya Tatu

Bukarest, Ijumaa

Mdogo wangu mpenzi Leontina,

Kristo amefufuka! Najua umejibu kwa sauti, hata kama uko jikoni na kuku tu. Hujambo wewe? Goti je? Na yule ng'ombe mkorofi, amezaa au bado anakupiga mateke? Sisi huku tunapumua. Anayeandika ni jirani yangu Olimpia wa ghorofa ya nne, yule aliyekuwa akifundisha Kifaransa, maana mimi kalamu yangu ni ufagio. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe. Amekunja mdomo, lakini anaandika.

Kwanza, kabla sijasahau: utakapokuja, niletee ngano. Si unga, ngano yenyewe, iliyopepetwa, ya kujaza sufuria kubwa. Sababu utaikuta huko chini. Usiruke mistari.

Smaranda mzima. Tumbo limechomoza, anatembea kama bata, na bado hatulii. Nilidhani nimemlea mjukuu huyu kwa maziwa, kumbe nimemlea kwa vumbi la matofali. Kila Jumapili anakusanya watu na kuwatembeza mjini, akiwaeleza nyumba ipi ilijengwa na nani, kwa nini paa lake liko vile. Jumapili ya Toma, ile ya baada ya Pasaka, alinikokota na mimi. Nikaonyeshwa majumba ya wafanyabiashara wa zamani yenye vibaraza vya chuma na vioo, majumba ambayo ngazi zake nimezipiga deki mpaka magoti yakaota sugu! Tukafika kanisa la Mihai Voda, lile walilolisukuma juu ya reli enzi za Chama cha Kikomunisti wakalificha nyuma ya maghorofa. Unakumbuka tulivyosimama matopeni tukipiga ishara ya msalaba, wewe ukasema hata Mungu kapewa amri ya kuhama? Smaranda akawaambia watu wake kwamba hakuna nyumba isiyookoleka, ila kuna watu wanaochoka. Akanitazama. Nikajua anaisema nyumba yetu.

Nyumba yetu unaijua. Lile duara jekundu walilotubandikia mlangoni, la kusema tetemeko likirudi sisi ndio wa kwanza kulala chini, bado lipo. Baada ya tetemeko la mwaka sabini na saba, lililomchukua binti yangu Aurica kwenye jengo jingine na kuniachia huyu Smaranda akiwa bado ananyonya, walikuja wakaziba nyufa kwa plasta, kama mtu anayepaka poda juu ya jipu. Majirani wakasema imepona. Mwaka huu Smaranda kagonga mlango mmoja mmoja mpaka wote wakakubali mafundi waingie. Sasa wako chini kabisa ya nyumba, penye mapipa yetu ya kabichi za chumvi, wanazifunga nguzo za zamani kwa chuma na kuzimwagia zege jipya. Yeye ndiye msanifu wao. Kila siku anashuka na tumbo lake, anasimama chini ya jengo zima.

Leontina, silali. Nikifumba macho namtafuta Aurica kifusini. Nimemsihi Smaranda angoje mpaka ajifungue, akaniambia, "Bibi, jengo hushikwa na chuma, halishikwi na machozi." Nikamjibu kwamba hata jengo lililomwangukia mama yake lilikuwa na chuma. Akaenda kunawa uso. Nilijichukia, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Fundi mkuu anaitwa Gherasim, mtu wa kwetu Gorj, masharubu yamening'inia kama kamba za viatu. Nguzo mbili ziliwaendea vizuri. Ya tatu, ile ya katikati inayobeba ngazi, iliwakataa. Mbao za kulishika zege zikaachia, likamwagika sakafuni. Wakafunga upya, zikaachia tena, na safari hii zikamvunja mmoja wao mguu. Tangu hapo wananong'ona. Tramu ikipita huko juu taa ikatikisika, wote wanaangalia dari.

Jumanne niliwashushia sarmale, kwa kuwa kabichi na nyama humtoa mtu hofu. Nikasimama mlangoni na sufuria yangu. Smaranda alikuwa ameinamia nguzo, taa mbele yake, kivuli chake kimelala kirefu sakafuni. Na Gherasim kachuchumaa nyuma yake, uzi mwekundu mkononi, anaunyoosha polepole kutoka kisigino cha kivuli hadi utosini. Akapiga fundo. Akaukata kwa meno.

Wewe na mimi ni watoto wa mwashi. Unakumbuka baba alivyokuwa akitufukuza kila alipoanza msingi mpya, tusimkaribie jua likiwa mgongoni? Kivuli kikishapimwa, na kipimo kikafukiwa ndani ya jengo, jengo litasimama, na mwenye kivuli hafiki siku arobaini. Na kivuli kile kilikuwa cha watu wawili.

Sikupiga kelele. Ningepiga, Smaranda angecheka, na uzi ungebaki mfukoni mwa yule mzee. Nikamwambia mjukuu wangu apande haraka, Olimpia kajifungia nje. (Hakujifungia. Andika tu, Olimpia.) Alipotoka nikafunga mlango, nikamshika Gherasim masharubu.

Nikamuuliza kama kwao wanawake hawabebi mimba. Akaapa kwamba alikuwa anapima nguzo. Nikamwambia nguzo haina kisigino, mbwa we! Akaketi juu ya mfuko wa saruji akaanza kulia, mzee mzima. Akasema hakumchagua yeye, ndivyo desturi ilivyo: kazi ikishaanguka, hupimwa wa kwanza kuingia asubuhi yake, na alikuwa amemwomba Mungu aingie paka. Lakini ana vijana wa watu humu chini, na ngazi ikishuka hakuna atakayetoka. Nikaona si mwovu. Ni mwoga, kama mimi.

Nikamwambia anipe uzi. Akasema hautoki bure, nguzo imeshaahidiwa. Na juu huko nasikia miguu ya Smaranda inarudi, na mafundi wamesimama na ndoo, zege linaanza kushika.

Hapa, Leontina, Olimpia ameweka kalamu chini. Anasema haandiki upuuzi wa kishamba. Nimemuuliza: we mtoto wa mjini, siku ya tetemeko ulijificha wapi? Si chini ya meza yangu, unaniita mama? Kaishika tena kalamu. Anafuta pua.

Basi nilisimama mbele ya taa. Nikamwambia Gherasim apime upesi na asinipunje, mimi mfupi lakini si kiasi hicho. Akapima. Uzi wa Smaranda nikautia kifuani, wangu ukashuka katikati ya vyuma, zege likaufunika. Smaranda alipofungua mlango alitukuta tunakula sarmale. Akauliza mbona fundi analia. Nikamwambia pilipili.

Mbao hazikuachia. Jana walizibandua, nguzo imesimama, laini kama shavu. Smaranda kanibusu, eti mahesabu yake yamekubali. Nami nikasema ndiyo mwanangu, ni mahesabu yako. Uzi wake nimeuchoma kwenye jiko.

Sasa unajua ngano ni ya nini. Ni ya koliva yangu, ngano ya maiti, na nataka uipike wewe, maana Smaranda ataiunguza, na Olimpia anabana sukari. Smaranda asijue. Akijua ataivunja ile nguzo kwa nyundo, namfahamu. Labda ni ushamba kweli. Labda arobaini itapita nami nagombana bado na muuza mkate, na ngano tutaila wenyewe kwa vijiko vikubwa. Lakini njoo kabla yake. Mtoto huyu akizaliwa lazima akute bibi kizee wa kumfokea.

Wasalimie wa kanisani wote, na yule mke wa padri mwambie bado sijamsamehe kuhusu yule bata bukini. Ng'ombe mpe chumvi kwa niaba yangu.

Ukifika, usipande kwanza. Shuka chini, uweke kiganja kwenye nguzo ya tatu. Kama niko juu jikoni, nitakusikia unavyohema ngazini. Kama siko, nisalimie papo hapo.

Ni mimi dada yako,
Veturia
(na msalaba huu chini nimeuchora kwa mkono wangu)
+